Klabu Iliyobaki Kwenye Kioo

Saa mbili asubuhi, Mama Vizibo yuko juu ya stuli sebuleni kwake, nyundo mkononi, misumari kaibana mdomoni. Anagongelea kizibo cha soda kwenye ubao mkubwa kuliko kitanda. Ukisogea karibu unaona takataka tu. Rudi nyuma kidogo: watu wanacheza dansi.

Nywele zao ni utepe wa kaseti mbovu. Taa ni vipande vya CD. Juu ya yote kapaka rangi, nyekundu na buluu, kama mwanga wa ukumbini enzi zile.

Enzi zile za klabu ya usiku ya mtaani kwao, ambayo leo ni maegesho ya magari. Yeye aliosha glasi pale miaka tisa. Picha hata moja haijabaki. "Nikaona sisi tukiondoka, basi tena," anasema. "Itakuwa kama hatukucheza."

Kesho kutwa ubao unakwenda kwenye maonyesho yake ya kwanza, na waliocheza pale wamealikwa. Anachoomba ni kimoja tu: waitambue klabu yao.

Wa kwanza kuuona ni shemeji yake, mpiga gitaa wa bendi ya pale. Anaingia, anatazama, anakuna kidevu.

"Shemeji, mimi nimekuwa mshoto lini?"

Mama Vizibo anatema misumari kiganjani. "Mshoto wapi?"

"Si huyo hapo, gitaa lake kalishika kwa kushoto. Na mlango umeuhamishia upande wa chooni."

Mama Vizibo anashuka, anakaa juu ya stuli, anautazama ubao. Kweli, kila kitu kimegeuka. Halafu anaanza kucheka. Sinki lake lilitazama ukuta, na ukutani palikuwa na kioo kirefu. Miaka yote ile aliwapa watu mgongo, dansi akalionea kiooni.

"Kwa hiyo mimi mwenyewe hujawahi kuniona," shemeji anamchokoza.

"Nilikuona kinyume. Ndiyo maana nikadhani unajua kupiga."

Kubandua vizibo vyote hivyo, aanze upya? Muda hana, na hamu hana. Anakwenda chumbani, anang'oa kioo cha kabati la nguo, anakiegemeza kwenye ukuta unaotazamana na ubao. "Haya, geuka. Upe ubao mgongo."

Shemeji anageuka, anatazama kiooni. Utani wote unamwisha. Vidole vyake vya kushoto vinaanza kubonyeza nyuzi ambazo hazipo.

"Mlango ule pale," anasema taratibu.

Basi kioo nacho kitakwenda kwenye maonyesho, na chini yake beseni lenye glasi chafu.

"Anayetaka kuiona klabu asimame nilipokuwa nasimama mimi," anasema Mama Vizibo, akirudi juu ya stuli. "Na akiwa na utu, anioshee glasi mbili tatu."