Mwizi wa Koponi

Harufu ya papa mkavu ikinipata sokoni Mafinga, hata leo, mkono wangu huenda wenyewe mfukoni kutafuta gamba la konokono. Watu wananiona nachagua vitunguu. Mimi niko Nyololo, darasa la tatu, nimeinamia kopo la maziwa ya unga.

Kopo lile lilitoka kwa baba. Alikuwa seremala, mtu wa Kilwa, na kazi ya mbao ilipomwishia huku kwetu alirudi pwani, akisema anakwenda kujipanga. Mama, Mhehe mchuma chai, alibaki na mimi na ukungu. Miezi ikapita, kisha basi likashusha kopo. Ndani mlijaa magamba ya konokono wa baharini na makombe ya chaza, yakinuka hata paka wa jirani akahamia kwetu, pamoja na barua: "Mwanangu, makombe yenye kitundu kimoja cha duara yaliliwa. Aliyeyatoboa yumo humo humo koponi. Mtambue kwa gamba lake, uniandikie. Ukimpata, nakuja. Kawia ufike."

Nilipomsomea mama, aliguna. "Kawia ufike ni ya mtu aliyeanza safari."

Sikumjali. Nilimwaga kopo juu ya mkeka nikawachunguza mmoja mmoja, siku tatu nzima, vidole vikinuka hadi mwalimu akanihamishia dirishani. Wengi walikuwa na mdomo wa mviringo uliofungana vizuri. Mmoja tu, mdogo kama punje ya maharage, wa kijivu, asiye na uzuri wowote, mdomo wake ulivutwa mbele na kuacha kamfereji, kama mdomo wa birika. Nikawaza kwamba anayewinda wenzake lazima awe na pua ya kuwanusia.

"Haka ndo kamwizi kenyewe?" mama aliuliza, akikaweka kiganjani. "Hata meno hakana."

Niliandika jibu, nikamchora na mdomo wake, mama akapeleka barua posta. Kila basi lililosimama barabarani nililitazama mpaka abiria wa mwisho aliposhuka. Baba hakuja, wala hakujibu.

Basi nikajua nimekosea. Nikaandika tena, nikamtaja yule mkubwa wa madoa. Kimya. Nikamtaja wa miiba. Likizo ilipofika niliandika kwamba labda ni wote, anisamehe, aje anionyeshe mwenyewe. Mama alizipeleka zote bila neno, na nilichukia ule ukimya wake, nikidhani hataki arudi.

Baba hakurudi kabisa. Nilikua nikijiona mtoto asiyejua kutazama.

Mwaka jana semina ya kazi ilinifikisha Kilwa. Asubuhi, maji ya bahari yakiwa yamekupwa, nilimkuta mama mmoja akiokota chaza, nikamwamkia na kumpa lile gamba dogo la kijivu. Aliligeuza mara moja tu.

"Huyu, mwanangu, ni mharibifu, ndiye anayetutobolea chaza. Mtazame mdomo wake, ana mfereji. Mtoto yeyote wa hapa anamjua."

Nilimshukuru, nikaenda kukaa juu ya jiwe, nikalia mbele za watu bila aibu. Miaka yote ile nilikuwa nikiamini kwamba kama ningepatia, baba angekuja. Nami nilikuwa nimepatia, tangu barua ya kwanza.