Siku Pikapu Yangu Ilipolia Makaburini

Haya, niseme mbele yenu wote mlionunua unga kwangu: pikapu yangu ilikuwa na panya. Si panya mmoja aliyepotea njia, bali ukoo mzima, babu mpaka wajukuu, na nilikana jambo hilo kanisani, sokoni, na hata mbele ya mume wangu aliyekuwa akifagia mavi yao chini ya kiti huku nikimwambia kwamba hizo ni mbegu za ufuta. (Ufuta mweusi. Nimesoma chuo kikuu, Bukavu, na hilo ndilo nililopata la kusema.)

Mtanielewa lakini. Mimi hununua unga wa muhogo soko la Tsoka, Lilongwe, na kuuleta hapa kambini Dzaleka kwa pikapu ile kuukuu, na mteja akishasikia neno panya biashara imekwisha. Kwa hiyo nilipigana nao kwa siri. Paka nilimkataa, maana paka ndani ya gari la unga ni tangazo. Nikaamua kutumia vifuko vya pilipili kavu, tumbaku na vidonge vile vyeupe vya kuwekea nguo, na kitambaa nikamwomba jirani yangu Mama Furaha, mshonaji, ambaye alikuwa amebakiwa na vipande vyekundu vya sare za kwaya. Akavishona mwenyewe huku akicheka. "Mama Profesa," (ndivyo wanavyoniita, na si kila mara kwa heshima) "mi sitaambia mutu." Nikavifunga kwa uzi mweusi chini ya boneti, kila mahali palipofungika.

Muda si mrefu mume wake, Sadiki, akaugua ghafla, akafia hospitalini Lilongwe. Kwetu gari la mtu mmoja siku ya msiba ni gari la wote, hivyo nikaenda kumchukua. Jeneza likawekwa nyuma, Mama Furaha na wanakwaya wakakaa kulizunguka, na mbele, pembeni yangu, akakaa Papa Zawadi, kaka mkubwa wa marehemu, mtu mpole, macho yamevimba kwa kulia.

Tulipotoka mjini wanawake walichoka kuimba, wakanyamaza, na hapo ndipo mkwaruzo ukaanza. Taratibu, nyuma ya viti vyetu, upande uleule wa jeneza, kama kucha za mtu anayepapasa kutafuta mlango. Ukanyamaza. Ukaanza tena.

"Mama, unasikia?"

"Nini?"

"Kuko kitu inakwaruza. Kule kwa ndugu yangu."

Neno moja tu lingemaliza kila kitu. Lakini nilikuwa na magunia nyumbani ambayo sijayauza, nikasema kwa ile sauti yangu ya ualimu: "Papa Zawadi, mi sisikii kitu. Hiyo ni huzuni."

Kando ya barabara wachuuzi waliinua vijiti vya panya wa kuchemsha, kama ilivyo kawaida ya huku, na mmoja akakimbia sambamba na dirisha langu akinipungia walewale, wamekauka, meno nje. Nikaangalia mbele.

Papa Zawadi aligeukia kioo kidogo cha nyuma. "Njo yeye, ni ndugu yangu," akanong'ona. "Iko kitu anataka kuniambia. Sadiki, ni nani alikufanya hivi?"

Kucha zikajibu, mara mbili, kwa nguvu. Na pale kiooni hapakuonekana kitu kingine ila mgongo wa Mama Furaha.

Makaburini nikazima gari, nikatoa ufunguo. Vijana wakashusha jeneza, mchungaji akafungua kinywa, na Mama Furaha, ambaye miguu haikumbeba tena, akaweka mkono kwenye boneti ili asianguke. Pikapu ikalia. Msifikirie honi ya kawaida. Betri yangu ilikuwa chakavu, kwa hiyo sauti ilitoka nzito, ndefu, kama ya mtu anayeita akiwa chini ya blanketi zito. Akaondoa mkono, sauti ikakatika. Ufunguo uko kiganjani mwangu, wote wanauona. Akaegemea tena, na ikalia tena.

Na mimi, niliyewahi kuwafundisha akina mama wa kanisa mwezi mzima kuhusu ujinga wa kuogopa wafu, nilikuwa wa kwanza kukimbia. Nilikimbia mpaka kwenye matuta ya mahindi, kiatu kimoja nimekiacha, nikipiga kelele: "Sadiki, si mimi!" (Si mimi nini? Hata leo sijui.)

Niliporudi, vijana walikuwa wamefungua boneti ili wachomoe betri. Vifuko vyekundu, vimefungwa kwa uzi mweusi, vikining'inia kama hirizi kwenye kila bomba. Papa Zawadi akachuma kimoja, akakinusa, akakigeuza.

"Hii mushono ni ya nani?"

Wanakwaya wakainamisha vichwa, mmoja baada ya mwingine, kutazama kola nyekundu za sare zao wenyewe.

"Ni ya panya!" nikasema. "Mi njo nilimuomba anishonee! Gari yangu iko na panya!"

Mama Riziki, mteja wangu wa siku nyingi, akanitazama. "Mama Profesa, si uliniapia, mukono juu, kama motokari yako haijaonaka panya hata moja?"

"Niliapa uongo!"

"Na leo unaapa nini?"

Basi nikapiga magoti mlangoni mwa gari, jamani, mbele ya marehemu ambaye hajazikwa, nikagonga dashibodi kwa kiatu kilichobaki nikiwaita: "Tokeni! Tokeni basi!" Hakutoka hata mmoja. Siku zote walinipita miguuni nikiendesha, lakini siku hiyo wote walikuwa na adabu. (Siku hizi mteja akiniuliza, namfungulia boneti, namwambia tazama mwenyewe, na asiponunua, asinunue.)

"Mumuache," Papa Zawadi akasema kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko matusi. "Ana roho nzuri. Anafichia rafiki yake."

Jioni ileile ndugu wa mume walifunga nyumba ya Mama Furaha, cherehani ikiwa ndani, wakawachukua watoto wake wawili. Siku ya kumaliza matanga wangekaa kuamua, na kila mtu alijua wataamua nini: aende zake, watoto wabaki. Akaja kukaa kwangu. Pikapu nikaipeleka Area 36, Lilongwe, nikamwachia fundi mmoja Mrundi, mtu wa makelele, naye akaijaribu asubuhi mpaka jioni, haikulia hata mara moja. "Mama, gari yako ni nzima," akasema. "Labda uombe."

Hilo ndilo lililonitisha. Nilikuwa namwangalia Mama Furaha akichambua maharage uani kwangu, mchana kweupe, vidole vyake vikienda polepole, na nikaanza kujiuliza (Mungu anisamehe) kwa nini ilikuwa mkono wake tu. Mimi, niliyejua kila kitu kuhusu vile vifuko.

Siku ya matanga tulikaa kwa Papa Zawadi. Ufunguo wa nyumba ya Mama Furaha alikuwa nao kiganjani. Alikuwa ameshaanza kusema, "Sisi kama familia," simu yangu ilipoita. Nilipomsikia fundi, niliiweka juu ya meza, sauti nje.

"Mama! Nimeipata! Waya ya honi panya wameitafuna, iko uchi kabisa. Mimi nilikuwa naegemea upande mubaya! Ukiegemea boneti kushoto, inagusa chuma, inalia. Na nyuma ya kiti kuko kiota. Ile pilipili yako wameimwaga, vitambaa vyekundu wamelazia watoto!"

"Kwa simu mutu anasema chochote," akasema Papa Zawadi, lakini sauti ilikuwa imempungua.

Mama Furaha akainamia simu. "Papa fundi. Egemea."

Ikalia. Sauti ileile, kutoka chini ya blanketi lile, ikatoka pale mezani, na viti vyote vikarudi nyuma, changu kikiwa cha kwanza.

"Tena," akasema.

Ikalia.

Papa Zawadi alikuwa ananiangalia mimi. "Na ule mwenye alikwaruza kwa njia? Ule mwenye alinijibu?"

"Panya, papa. Nilisikia tangu mwanzo."

Machozi yakamtoka, na nadhani hakuwa analia kwa aibu. Alikuwa anamzika ndugu yake mara ya pili.

"Tena," akasema Mama Furaha, na mkono wake, ule mkono, akaunyoosha mbele ya shemeji yake, kiganja juu. Ikalia, ndefu kuliko zote, na kabla haijanyamaza ufunguo ulikuwa mkononi mwake.