Chumba Namba Sifuri

Asubuhi ile niliondoka Kalerwe na mfuko mmoja, bila mpango. Mwenye nyumba alikuwa amempa binamu yake kitanda changu, na mimi kugombana kabla ya chai siwezi. Nilipandisha kilima kilichokuwa mbele yangu. Mchana ukanikuta Old Kampala, kwenye nyumba ya wageni ya Hajati mmoja wa Kinubi.

Vyumba kumi vilikuwa vimejaa. Kilibaki kile cha kando ya lango, ambacho tangu enzi za mama yake huwekewa mpita njia na hakihesabiwi pamoja na vingine. Ndiyo maana mlangoni pameandikwa 0.

"Kiko wazi," Hajati akasema, "lakini kompyuta inakataa. Na mtu hayuko kwa kompyuta, mimi silazi. Polisi wakikuja kuangalia wageni, nitawaonyesha nini, meno?"

Akaandika jina langu, akachagua kitufe cha sifuri. Kompyuta ikajibu: Mgeni hana chumba. Akabonyeza tena kama mtu anayeua kunguni. Hana chumba.

"Wiki ya pili hii! Nimeisomea dua, wapi!"

Programu ilikuwa imeandikwa na mpangaji wa ghorofa ya juu, Mkongomani fundi wa simu. Hajati alimwita kwa sauti iliyofika mtaa wa pili. Akashuka na kandambili moja.

"Mama, programu iko nzuri. Chumba ndiyo iko na jini."

"Jini kwa nyumba yangu? Jini ni wewe, unamaliza chapati yangu kila siku!"

Shule niliiacha kabla ya mtihani wa darasa la saba, lakini kitu kibovu siwezi kukipita bila kukifungua. Kuandika programu nilijifunza kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, nikiharibu za wenzangu. Nikaomba nione. Mstari ulikuwa pale, umekaa kwa heshima zote: kama chumba == "", mgeni hana chumba.

"Hapa unauliza kama nafasi ya chumba imeachwa tupu," nikamwambia fundi. "Lakini hii lugha ya programu, JavaScript, ukiipa alama mbili za usawa, haijali aina ya kitu. Inageuza huo utupu kuwa namba, inapata sifuri, halafu inasema ni sawa na sifuri ya chumba."

"Sasa sifuri na hakuna kitu si ni moja?"

"Sifuri iko na kitanda na neti," Hajati akamkata. "Hakuna kitu iko na neti?"

Nikaongeza alama ya tatu ya usawa, ili vitu viwili visifanane mpaka viwe vya aina moja. Hajati akabonyeza kwa kidole kimoja, macho ameyafumba.

Mgeni yuko chumba 0.

Akapiga kigelegele, kisha akatazama miguu yangu.

"Toa viatu. Na jini ukimukuta mule, mulete aandikwe."

Nikaingia. Neti ilikuwa na tundu la kupitisha kichwa. Nikatundika mfuko wangu kwenye msumari, nikalala mchana wote.