Kumfundisha Daktari Kuuliza

Mimi niliishia darasa la nne, kwa hiyo mtu akisikia kwamba nimefundisha madaktari anaweza kucheka. Na acheke. Nimewafundisha.

Ilianza na joto. Lilinipanda kifuani hadi kichwani, jasho likamwagika hata mwezi wa sita, wakati Songea nzima imevaa masweta. Nilienda hospitali mara tatu. Mara tatu nikapimwa malaria, haipo, na dawa ya mseto nikapewa hivyo hivyo. Mara ya nne wakasema UTI. Hapo nikamuuliza yule kijana wa koti jeupe, "Mwanangu, una mama?"

"Ninaye."

"Umri wake?"

"Hamsini na mbili."

"Naye ana malaria mwaka mzima?"

Daktari mkuu, mwanamke, alisikia akiwa chumba cha pili. Alikuja akicheka, akanieleza kwamba ni kukoma hedhi, kisha akaniomba niwe ninakuja kila Alhamisi nikae kwenye kiti cha mgonjwa, madaktari wapya wajifunze kuniuliza. Vitabu wamesoma, alisema, ila kuuliza hawawezi.

Kweli hawakuweza. Waliotoka mbali waliuliza kama polisi, mlango wazi, foleni yote inasikia. Hao walirekebishika upesi. Taabu ilikuwa kijana mmoja wa hapa hapa, mtoto wa Kingoni aliyelelewa vizuri. Alichuchumaa kunipa shikamoo, akauliza habari za nyumbani, za shamba, za wajukuu, halafu akainamisha macho na kuanza kuandika.

"Unaandika nini na hujaniuliza?"

"Bibi, siwezi. Wewe ni kama bibi yangu mzaa mama."

"Basi bibi yako mzaa mama atakufa na adabu yako."

Nilikuwa mkali kwa sababu ya mdogo wangu wa kijijini Maposeni. Siku zake zilikuwa zimekoma miaka miwili, halafu damu ikarudi. Aliniambia mimi tu, tukipukuchua mahindi. Alisema ni wiki mbili sasa. Akaniapisha: "Dada, ukimwambia mtu, hata daktari, kwenye msiba wangu usije." Ni mjane, aliogopa watu watasema ana mwanamume. Na mimi nilikuwa nimeshamsikia daktari mkuu akifundisha kwamba damu ya namna hiyo haisubiriwi, inaweza kuwa saratani.

Nikamwambia aje mjini tukaonyeshe mgongo, maana mgongo nao ulimuuma. Akakubali. Tukapanga twende Ijumaa.

Alhamisi ile sikufundisha kitu kingine. Funga mlango. Kaa, usimsimamie mtu kichwani. Omba radhi kwanza: "Mama, nataka kukuuliza mambo ya ndani, usinione sina adabu." Ukishaomba radhi, mkubwa amekuruhusu, kwetu ndivyo mdogo anavyoingia kwenye mazungumzo mazito. Kisha uliza zilikoma lini, na tangu zikome, damu imetoka tena? Yule kijana nilimrudisha mara saba. Ya saba alisema yote, lakini alikuwa analiambia dirisha.

Ijumaa tukaangukia kwake. Kama ningepewa kuchagua, nisingemchagua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Aliuliza mgongo, akaupapasa, akaandika vidonge vya maumivu, akasogeza karatasi. Mdogo wangu akaikunja na kuifunga kwenye pindo la kitenge. Mimi nilikuwa nimeapa.

Kijana akanitazama. Sikumpa hata dalili usoni. Akainuka, nikajua anaita mgonjwa mwingine. Akafunga mlango. Akarudi, akavuta kiti akakaa mbele ya mdogo wangu, magoti yao karibu kugusana.

"Mama, nataka kukuuliza mambo ya ndani. Usinione sina adabu."

Akauliza yote, bila kutazama dirisha. Mdogo wangu alichezea lile pindo muda mrefu.

"Imetoka," akasema.

"Tangu lini, mama?"

"Tangu palizi."

Palizi! Mimi aliniambia wiki mbili. Mahindi yalikuwa yamekua, yamevunwa, yako kwenye magunia, yeye anafua vitambaa vyake kwa kujificha.

Alipelekwa kupimwa siku ile ile. Ilikuwa saratani, lakini ilikuwa bado ndani ya kizazi. Wakakitoa.

Siku ya tatu baada ya upasuaji nilimpelekea uji wodini. Alikunywa nusu kikombe, akanikazia macho.

"Ulimwambia."

"Sikumwambia."

"Yule mtoto alijuaje?"

"Hakujua. Aliuliza. Mimi nilimfundisha kuuliza, hilo sikatai."

Nilingoja anifukuze. Aliniomba nimwinulie mto kidogo, nikamwinulia.

"Zahanati yetu nilienda mara mbili na huu mgongo," akasema. "Mara zote mbili nilikaa pale nikisubiri waniulize."