Kimya Alichokitafsiri Tobias

Siku za kazi Tobias hufunga katoni za juisi kiwandani Thika, lakini Jumapili, kanisani kwao Kiganjo, yeye ndiye mkalimani. Mhubiri mgeni akipaza sauti kwa Kiingereza, Tobias hupaza zaidi kwa Kiswahili. Mgeni akiruka, naye anaruka.

Ndiyo maana Pasta Githae alipoleta filamu ya Kiingereza kuhusu mtawa mzee, alimkabidhi Tobias kipaza sauti. Waliziba madirisha kwa leso, wakatazama. Mtawa alipiga magoti. Akakaa vivyo hivyo, mshumaa ukizidi kuwa mfupi.

"Huyu amelala ama projekta imekwama?" akauliza Kui wa kwaya. Watu wakacheka.

Tobias aliona aibu, kana kwamba kimya kile ni kosa lake. Mwishowe mtawa alisema kwamba ameomba maisha yake yote na hajawahi kujibiwa. Tobias alimwelewa vizuri kabisa. Akazitazama nyuso zilizomngoja, akaogopa.

"Nimeomba maisha yangu yote," akatafsiri, "na kila mara Bwana amenijibu!"

"Amina!" kanisa likaitikia.

Walipotoka, Mama Kaveke alimngoja mlangoni. Tangu amzike mwanawe, mama huyu hukaa benchi la nyuma, haimbi.

"Asante kwa kazi, Ndugu Tobias," alisema. "Vile huyo mzee alinyamaza, nilidhani ni mwenzangu. Kumbe yeye hujibiwa. Basi ni mimi tu."

Akajifunga leso, akarudi kwake Ruiru.

Wiki nzima Tobias alijiambia kwamba alilinda imani ya watu. Haikusaidia. Maneno ya mtawa yalikuwa yake pia. Naye akiomba peke yake, hakusikia kitu. Jumamosi alishuka Ruiru, akamkuta Mama Kaveke akifua.

"Mama, nilikudanganya. Yule mtawa alisema hajawahi kujibiwa."

Mikono ya mama ikatulia ndani ya povu. "Alisema hivyo?"

"Ndiyo. Ni mimi niliyebadilisha. Niliogopa kusema hivyo, kwa sababu hata mimi sijibiwi."

"Wewe? Na vile unarukaruka!" Karibu acheke, kisha akamkazia macho. "Umenifanya nijione nimelaaniwa, Tobias. Wiki nzima sijapiga goti."

"Nisamehe, mama."

"Na wale wengine walioitikia Amina? Unajua ni wangapi walirudi nyumbani kama mimi?"

"Nitawaambia Jumapili, mama."

"Mpigie Githae umwambie ukweli, hapa, nikisikia," alisema Mama Kaveke, akijipangusa mikono. "Ukienda hivi hivi, utabadilisha tena."

Tobias akatoa simu, akaanza kutafuta namba ya pasta.