Sauti Niliyoazimwa Makadara

Nilifanya ujinga sokoni Gikomba juzi, na afadhali nikwambie mwenyewe kabla hujaambiwa na wengine. Nilinunua fulana ya mtoto wa nasari, mimi ambaye hata soksi zinanibana, kwa sababu tu niliweza kusoma maandishi ya kifuani. Niliyasoma kwa sauti, kutoka kulia kwenda kushoto, muuzaji akanitazama kama mtu anayeombea mitumba yake.

"Mathe, hiyo ni nini unasoma?"

Kidivehi, nikamwambia, lugha ya visiwa vya Maldivi.

"Na inasema aje?"

Hapo nikatoa pesa haraka. Kusoma najua. Kuelewa sikuwahi.

Miaka ya tisini, mtaani kwetu Makadara, tulipakana na mpishi wa meli, Mkamba aliyesilimu huko safarini akarudi na mke wa Kimaldivi. Walikuwa na msichana wa rika langu. Yeye alikuwa mtoto wa nje: michezo ya kati na bladaa, magoti yenye makovu. Mimi niliogopa mpira, mbwa na jua, kwa hiyo nilishinda jikoni kwa mama yake nikingojea chapati na samaki mkavu aliyepondwa na nazi, kitunguu na ndimu.

Nilipokuwa nangoja, mama huyo aliniandikia herufi za kwao kwa chaki kwenye sakafu nyekundu. Za kwanza zimetokana na tarakimu za Kiarabu, alisema, na kweli nilidhani ananifunza hesabu. Tuliziimba: haa, shaviyani, noonu, raa, baa. Lhaviyani ilitaka ulimi ukunjwe nyuma kama unatafuta mwiba wa samaki kwenye kaakaa. Kila herufi ilivaa alama yake, juu au chini, ndipo isomeke. Noonu peke yake iliruhusiwa kutembea uchi, ikitangulia b au d, ili zitoke mb na nd. Hizo zilinijia bure. Nani kwetu hawezi kusema mb?

Simu ya ng'ambo ilikuwa ya matajiri, kwa hiyo mabaharia walibeba kaseti. Ikaja moja: shosho wa visiwani, bibi yake msichana, anaumwa, anataka kusikia sauti ya mjukuu wake kabla hajaondoka duniani. Mama alimbembeleza binti yake kwa chapati, kisha kwa mwiko.

"Mimi siongei hiyo kitu," akasema yule msichana. "Wasee watanicheka mpaka nihame."

Siku baharia aliporudi kuchukua jibu, msichana alitorokea uwanjani. Baharia alikuwa kochini, chai imeisha, basi la Mombasa linamngoja. Mama akanitazama. Akapiga magoti, akaandika sakafu nzima, akabonyeza vitufe vya redio ya kaseti ili irekodi. Nikasoma kama niliyesimamishwa mbele ya askofu, nikirudi nyumanyuma kwa magoti kufuata mistari. Nilipomaliza, alikuwa amegeukia jiko, na jiko halikuwa limewashwa.

Jibu likaja. Kizee alicheka na kulia kwa pumzi moja. Safari hii msichana alikuwepo, anasikiliza, chapati imesahaulika mkononi.

"Anakuita," mama yake akamwambia. "Mjibu."

"Si anaita huyu?" Akanielekezea kidevu, akatoka nje. Mama akatafuta chaki.

Baada ya kaseti yetu hiyo ya pili, zilikuja habari za msiba wa shosho tu. Baadaye wakahamia pwani. Sasa mahali pa nyumba yao pana ghorofa, sakafu ni za vigae visivyoshika chaki, na hakuna anayetuma sauti yake kwa mkono wa mtu. Mimi nimebaki na herufi zisizo na maneno. Nilichomwambia yule bibi sikukijua wakati ule, na sikijui leo.

Jirani aliyepakana nao upande wa pili bado yupo mtaani, na ukuta haukuwahi kumnyima neno lao. Jana nilimwuliza kama tulimdanganya mgonjwa wa watu. Hakuacha hata kukata sukuma wiki yake.

"Wacha kujipatia umuhimu, mama. Shosho alipata mjukuu. Ni huyo msichana ndiye hakupata shosho."