Mke wa Mfunza Mbwa

Kama angemkuta mumewe na mwanamke mwingine, huenda angejua la kufanya. Kwa hilo kuna njia waliyokwisha kuipita wengi: unalia, unafunga mizigo, unawaita ndugu. Lakini mshona mapazia huyu alimkuta mumewe na mkwe wao, mume wa binti yao, kibarazani, mchana kweupe, wakinywa chai, na maneno aliyoyasikia yalimwacha juu ya stuli na pazia mkononi, hajui ashuke au abaki.

Mumewe alifunza mbwa wa kampuni ya ulinzi. Walijuana kwa kazi. Yeye alikuwa binti mwenye cherehani ya kukodi, na mwanamume akaja kumwomba amshonee mkono wa turubai uliojazwa magunia, ule anaouvaa mfunzaji ili mbwa ajifunze kuuma. Alichompendea ni upole. Wenzake walifunza kwa fimbo. Yeye alifunza kwa kipande cha nyama na kwa kunyamaza. Mbwa akitenda vizuri, anapata nyama na neno zuri. Akitenda vibaya, anageuziwa mgongo kana kwamba hayupo. Basi.

Upole huo ulikuwa na falsafa yake, aliyoipata kwenye mafunzo ya kazi akaishika kama sala. Usiseme mbwa amekasirika, alipenda kueleza. Sema ameonyesha meno. Hasira hujaiona, meno umeyaona. Ya ndani ni giza kwa kila mtu, na anayedai kuyajua anapiga ramli. Kiumbe ni vitendo vyake, vitendo ni mazoea, na mazoea yanajengwa. Hata binti yao alipokuwa mchanga, mama akisema mtoto ana njaa, baba alimsahihisha: sema analia. Mama alicheka. Alidhani ni mzaha.

Siku hiyo mkwe alikuja na malalamiko. Mkewe ananuna kila mara, naye hajui amfanyeje. Mshona mapazia alikuwa sebuleni akipima dirisha, na dirisha lilikuwa wazi.

"Anaponuna unafanya nini?" mumewe aliuliza.

"Nambembeleza, baba."

"Hapo ndipo unapoharibu. Ukimbembeleza umemlipa kwa kununa, na kesho atanuna zaidi. Mwache. Usimgombeze, usimjibu, fanya kama hujasikia. Akishatulia mwenyewe, akaongea vizuri, hapo mletee kitu. Mwite jina tamu."

"Na itafaa?"

"Ukiona vyaelea, vimeundwa. Huyu mama yako unayemwona mpole hivi, alikuwa moto wa kuotea mbali. Akianza kusema, jirani anafunga madirisha. Nimemtengeneza taratibu, na mwenyewe hajui mpaka leo."

Mkwe akacheka, na kikombe kikagonga kisahani.

Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema, na yeye aliyeshinda ndani ya nguo maisha yake yote hakukiona. Upole wake alikuwa akijivunia. Alimshukuru Mungu kwa huo upole. Shoga zake walisema umri umemtuliza, naye akakubali, akajiona mtu aliyejishinda. Sasa kila "malkia wangu" aliyowahi kuitwa ilimrudia na wakati wake, na kila moja ilikuja baada ya yeye kunyamaza.

Lililomchoma kuliko yote ni duka. Kuna miaka alitaka kupanga chumba kwenye mtaa wa maduka, atundike kibao chake, aweke mafundi wake. Kila alipolianza jambo hilo, mumewe aliinama akang'arisha viatu, kana kwamba anayeongea ni redio ya jirani. Akiliacha na kumuuliza habari za kazini, mume anamgeukia, anacheka, na kesho yake anarudi na machungwa. Mwisho akaliacha moja kwa moja. Dada yake alipomuuliza, alijibu, "Nimeona mwenyewe halina maana." Mwenyewe!

Jamani, kumnyima mtu ni jambo moja. Anayekunyima unaweza kugombana naye, na hata ukishindwa unabaki unajua ulichokitaka. Huyu hakumnyima. Alimwachisha kutaka, kisha akamwachia afikiri ni hekima yake.

Mkwe alipoaga, mshona mapazia alitoka akaketi kwenye kiti chake, bado kina joto.

"Nimesikia," alisema.

Mumewe alinyanyua kikombe, akatazama barabarani.

"Usinyamaze. Dawa hiyo nimeshaijua."

Akakishusha kikombe. "Nimekukosea nini? Nimewahi kukupiga? Nimewahi kukutukana?"

"Umenifunza kama mbwa."

"Nimekufunza kama kiumbe. Hata mimi nimo humo. Bosi akinisifu, kesho nawahi kazini. Hakuna asiyefunzwa, mke wangu, ila wengine wanafunzwa na wasiojua kazi."

Alisema kwa sauti yake ileile ya siku zote, na mkewe akatamani mumewe apaze sauti, atukane, avunje kitu, ampe japo sababu ya kumchukia.

"Yale machungwa. Ulikuwa unayaleta kwa sababu unanipenda, au kwa sababu nimenyamaza?"

"Nilikuletea. Si ndiyo mapenzi hayo? Wewe umewahi kuyaona mapenzi mengine, zaidi ya yanayotendwa?"

Swali halikuwa la kijinga, na hilo likamzidishia hasira. Aliwajua wanaume waliotamka mapenzi asubuhi na jioni bila kuleta nyumbani hata limau. Lakini alijua pia kwamba ameibiwa, na aliyeibiwa hahitaji kushinda mjadala ili ajue mfuko wake ni mtupu.

"Mama yangu alipofariki," alisema polepole, "ulikaa na mimi sakafuni, msiba mzima. Ukanishika mkono. Siku zile ulikuwa unanizoesha nini?"

Hapo alikuwa anamtupia kamba. Alitaka aseme: hakuna. Neno moja, hata la uongo, angelipokea akaenda nalo ndani akamalize pazia lake.

Mumewe alifikiri. Hakuwa mwongo, hilo ndilo lilikuwa balaa lake.

"Ulikuwa huli," alisema. "Nilikuwa nakushika mkono kila ukimeza tonge."

Mshona mapazia alifumba macho, akayafumbua. "Na wewe, ndani yako, ulikuwa unajisikiaje?"

"Ndani sikuangalia."

"Angalia sasa."

Kimya kilichofuata hakikuwa kile cha kumgeuzia mtu mgongo. Mwanamume aliitazama mikono yake, akaitazama barabara. Alionekana kama mtu aliyetumwa kwenye chumba cha nyumba yake asichojua mlango wake uko wapi.

"Naogopa," alisema mwishowe. "Utaondoka."

Katika ndoa yao yote hakuwahi kumsikia akitamka jambo la ndani yake. Mkono wa mkewe ulinyanyuka wenyewe, ukamwendea. Katikati ya meza akausimamisha. Akimshika sasa, atakuwa anamlipa. Akimnyima, atakuwa anamfunza. Hata huruma yake alikuwa amemharibia, na hapo ndipo alipomkasirikia kweli, kwa hasira ambayo hakuna machungwa ya kuituliza, huku mkono ukiwa bado juu ya meza, haujui uende wapi.